Simu yangu haikuyaona mafuta

Kwa wiki sita nilipiga picha kila nilichokula. Wali, maharage, yai la kuchemsha, hata konzi ya karanga niliyojichotea mezani nikiwa napita. Programu ya simu inayokisia kalori kwa kuangalia picha ikawa inaniambia kwa upole kwamba nakula kalori 1,700 kwa siku na kwa mwendo huo nitapungua. Sikupungua hata nusu kilo. Nikaanza kuishuku mizani ya bafuni: nikaibadilisha betri, nikaihamishia kwenye sakafu iliyonyooka. Mizani ilikuwa nzima.

Tatizo lilikuwa kwenye sufuria. Siku moja, kwa hasira zaidi kuliko kwa akili, niliiweka chupa ya mafuta ya kupikia kwenye mizani ya jikoni kabla ya kuunga maharage, nikaipima tena baada ya kuunga. Zilikuwa zimetoka gramu 60. Mezani tulikuwa wanne, kila mtu kala gramu 15, na gramu moja ya mafuta ina kalori 9. Hiyo ni 135 kwa kichwa. Nikapakua, nikapiga picha kama kawaida. Simu ikayaona maharage, ikauona wali, ikaona mpaka vipande vya kitunguu. Kwenye mafuta ikaandika gramu 4, pungufu ya gramu 11, yaani kalori kama 100. Zidisha kwa mchana na usiku, weka juu yake kijiko cha mafuta cha kukaangia vitafunio, utapata kama kalori 300 zilizokuwa zinaingia kila siku bila kuandikwa popote. Kile nilichodhani nakipunguza kilikuwa kinarudi kwa mlango wa nyuma.

Siandiki haya ili kuziponda programu hizi. Naitumia ya kwangu mpaka leo. Ila nilichelewa kuelewa inafanya nini hasa pale ninapobonyeza, na nadhani wengi tunachelewa.

Inafanya kazi tatu. Kwanza inatambua chakula: hiki ni wali, hiki ni kuku. Pili inakisia kipo kiasi gani. Tatu inakwenda kwenye jedwali la virutubisho na kuzidisha. Kazi ya tatu ni hesabu tu, na majedwali mazuri yapo. La Wizara ya Kilimo ya Marekani liko wazi kwa yeyote. Kazi ya kwanza akili mnemba imekuwa hodari nayo. Mwaka 2014 watafiti walitoa mkusanyiko wa picha 101,000 za vyakula vya aina 101 kwa ajili ya kuzifundisha kompyuta, na tangu hapo mambo yamekwenda mbali sana. Ya pili ndiyo inayoumiza. Picha moja haina kina. Bakuli dogo lililo karibu na bakuli kubwa lililo mbali, kwa kamera ni kitu kilekile. Chini ya wali kuna nini, mchuzi una kimo gani, nyama ina mfupa au haina, hayo yote simu inakisia kwa kuangalia juu juu, kama mtu anayechungulia dirishani na kuulizwa ndani kuna watu wangapi.

Jaribu mwenyewe leo. Piga picha sahani moja mara mbili, mara moja kutoka juu kabisa, mara nyingine kwa kuinamisha simu. Mimi sahani yangu ya wali na kuku ilinipa 520, kisha 690, na sikuwa nimegusa hata punje. Tangu siku hiyo natumia sahani ileile, pembe ileile ya ubavuni kidogo, na uma umelala ukingoni ili pawepo kitu cha kulinganisha ukubwa. Hii haiondoi kosa. Inalifanya kosa la leo lifanane na la jana, na kwa anayetaka kujua kama wiki hii amekula zaidi ya wiki iliyopita, hilo linatosha sana.

Baada ya picha, usikubali majibu bila kuyasoma. Hapa ndipo kazi yote ilipo na ndipo watu wanapoparukia. Mimi huangalia vitu vitatu tu: mafuta, kiasi cha wanga, na kile ilichokiita nyama. (Iliwahi kuniandikia biringanya kuwa ni nyama ya ng'ombe, nikapewa protini za bure gramu 30.) Mafuta huwa nayaandika mwenyewe, siku zote. Kijiko kimoja cha chakula ni kama gramu 14, yaani kalori 120 hivi. Kama hukupika wewe, ongeza kijiko kimoja kwa kila chakula kinachong'aa. Utakuwa karibu na ukweli kuliko kamera.

Wanga una mtego wake, nao ni ubichi na uivu. Gramu 100 za mchele mkavu zina kalori kama 360. Gramu 100 za wali ulioiva zina kama 130, kwa sababu sehemu kubwa ya uzito ule ni maji. Niliwahi kupima wali wangu uliokwisha kuiva, gramu 200, nikachagua kwenye orodha neno "mchele". Ikanihesabia 720 badala ya 260. Jioni nikalala na njaa nikijiona nimekula kama mtu wa shamba. Tambi na maharage vina mtego uleule, kwa hiyo kabla ya kubonyeza hakikisha orodha inasema kimepikwa au ni kikavu.

Ushauri wangu mkubwa, kama utachukua mmoja tu: nunua mizani ya jikoni na uitumie wiki mbili tu. Si maisha yako yote. Kila unapopakua, kisia kwanza kwa jicho, useme kimoyomoyo "wali huu gramu 150", kisha upime. Siku za kwanza utachekesha. Mimi niliita 150 kitu kilichokuwa 270. Mke wangu alikuwa anasimama mlangoni, "Baba watoto, unapika au unauza dhahabu?" Ila ilipofika siku ya kumi jicho lilikuwa limeshapata adabu, na sasa simu ikiniambia gramu 120 najua kabla ya kuinuka kwamba imedanganya.

Vyakula vya pakiti ni rahisi zaidi. Achana na picha, elekeza kamera kwenye ile mistari myeusi inayosomwa dukani (barcode), na programu itakuletea namba za kibandiko. Angalia tu kipimo chenyewe, maana kampuni hupenda kuandika kalori za "kipimo kimoja" na pakiti ikawa na vipimo viwili na nusu. Na hata kibandiko si msahafu. Nchini Marekani kanuni zinavumilia kalori halisi zizidi zilizoandikwa mpaka kwa asilimia 20. Lozi nazo: watafiti wa serikali hiyo walipima mwaka 2012 wakakuta gramu 28 zinaupa mwili kama kalori 129, wakati jedwali lilikuwa likisema kama 170, kwa kuwa sehemu ya mafuta yake hupita tumboni bila kusagika. Kwa hiyo anayekwambia umekula kalori 1,843 leo, hiyo 43 anakutania.

Utauliza, sasa kwa nini nisiandike tu kwa kukumbuka? Kwa sababu kumbukumbu ni mbaya zaidi. Jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha mwaka 1992 utafiti wa watu waliolalamika kwamba wanakula kidogo na hawapungui. Walipopimwa kitaalamu, walikuwa wakitaja pungufu ya wanachokula kwa wastani wa asilimia 47. Hawakuwa waongo. Konzi ya karanga haikumbukiki, ndiyo hivyo. Picha angalau inabaki pale, na ukiirudia usiku utaona mlo ambao ungeapa hukuula.

Kitu kingine nilichokipenda bila kukitarajia ni protini na nyuzinyuzi. Kalori nilizifukuzia na kuzikosa, lakini kwa mwezi mmoja wa picha niliona wazi kwamba kifungua kinywa changu hakina protini kabisa, ni mkate na chai, na ndiyo maana saa nne natafuta vitafunio. Niliongeza mayai mawili, kama gramu 12 za protini. Vitafunio vya saa nne vikafa vyenyewe. Jambo hilo halihitaji namba sahihi. Chumvi usiitegemee kamera hata kidogo, haionekani. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, na hiyo utaijua kwa kuupima mfuko wa chumvi jikoni, kama nilivyoipima chupa ya mafuta.

Mwenye kisukari anayejidunga insulini asipange dozi kwa kuangalia picha. Kosa la gramu 30 za wanga kwangu ni usumbufu tu, kwake ni kuzimia. Na kama umewahi kuwa na ugomvi na chakula, wa kujinyima mpaka kuugua au kula na kujitapisha, mambo haya ya kuhesabu yaache mpaka uongee na anayekutibu. Nimeona mtu wa karibu akikataa embe kwa sababu "zimebaki kalori 60 tu". Tulizifuta zile programu pamoja, jioni hiyohiyo.

La mwisho ni la simu yenyewe. Ukiipa programu ruhusa, ipe kamera peke yake, si picha zako zote wala mahali ulipo. Na zile siku saba za bure, weka kengele siku ya sita. Mimi sikuweka, nikakatwa ada ya mwaka mzima kwa programu niliyokwisha kuichoka, na barua zangu za kudai fedha zirudi zilijibiwa na mashine.

Sasa hivi napiga picha siku tatu kwa wiki, mbili za kazi na moja ya mapumziko, kwa sababu Jumamosi yangu na Jumanne yangu ni watu wawili tofauti. Na chupa ya mafuta ina alama ya kalamu ubavuni. Kila Jumapili naichora upya.