Vyuo viwili vya kanisa: uliza kwanza profesa analala wapi

Matokeo ya diploma ya Serikali, mtihani wa kumaliza sekondari, yakishatoka, simu yangu haitulii. Mtoto amefaulu, wazazi ni watu wa ibada, na wamebaki na vyuo viwili vidogo mkononi, kimoja cha Wapentekoste, kingine cha Wabaptisti. Wanachotaka kusikia kwangu ni wapi mtoto hataharibika. Mimi mwenyewe nilisoma chuo cha namna hiyo hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, na mwaka jana nilimzungusha binti wa kaka yangu kwenye viwili, kimoja hapa, kingine Goma.

Sizungumzii wakubwa. ULPGL ya Goma (Chuo Kikuu Huru cha Nchi za Maziwa Makuu) ipo tangu 1985, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu tangu 1989, UEA (Chuo Kikuu cha Kiinjili katika Afrika), hapahapa Bukavu, tangu 1991. Hao wanajulikana hadi Kinshasa. Nazungumzia vile vyenye fakilte mbili tatu, jengo moja nyuma ya kanisa, na rekta, yaani mkuu wa chuo, ambaye Jumapili ndiye anayehubiri. Kwa imani ni mapacha: ibada katikati ya juma, sketi ndefu, pombe marufuku, Biblia ni Neno la Mungu na mjadala umeishia hapo. Ukivipima kwa mambo hayo utakesha.

Mimi nauliza nani anafundisha, na analala wapi. Chuo kidogo hakina fedha za kuajiri maprofesa wake wote, kwa hiyo kinaalika. Mgeni anatoka Kinshasa au Kisangani, anapiga kozi ya saa 45 ndani ya juma moja, asubuhi hadi jioni, anamwachia asistanti mtihani, anaondoka. Sisi kozi ya takwimu tuliipata hivyo. Tulinakili mpaka vidole vikafa ganzi, na maswali yalipoanza kutujia, mwenye majibu alikuwa ameshapanda ndege. Halafu Januari 2025 uwanja wa Goma ukafungwa kwa vita, na mwezi uliofuata vita vikafika Kavumu, kwenye uwanja wa ndege wa Bukavu. Fikiria chuo kinachoishi kwa wageni kilijikuta wapi.

Kule Goma walitupa kijitabu kizuri chenye picha za maprofesa, wote na tai. Binti akauliza kwa adabu, "Baba, hawa wako hapa mjini?" Karani akacheka, akataja wawili. Cha Bukavu hakikuwa na kijitabu chochote. Tulimkuta mwalimu kwenye baraza, karatasi za TP (kazi za mazoezi) magotini, wanafunzi wawili wamesimama wanabishana naye juu ya alama moja, na yeye anawaonyesha kwa kalamu mahali walipokosea. Nilikaa nikawatazama hadi mwisho. Alikuwa mwalimu wa kudumu, anaishi Kadutu, na wanafunzi wanaijua nyumba yake.

Kama ninyi ni Waadventista, hapa kuna jambo jingine. Mgeni mwenye haraka hufundisha hata Jumamosi. Ulizeni mapema kama mtoto ataruhusiwa kukosa, la sivyo fikirieni Chuo cha Kiadventista cha Lukanga, huko Lubero, ambako Sabato haina ubishi.

Kanuni za mwenendo nazo zisomwe, zote, kabla ya kusaini. Kaka yangu aliridhika alipoona suruali zimekatazwa kwa wasichana. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye kifungu cha mimba. Vyuo vingine vinamsimamisha msichana, na mvulana, hata kama ni wa darasa hilohilo, anaendelea na masomo. Uliza kwa mdomo mvulana anafanywa nini, na msikilize anayejibu. Mmoja alituambia, "Hilo linategemea." Sikuhitaji kusikia zaidi. Chuo kinachojiita cha Kristo na adhabu yake inaangukia upande mmoja tu, kwangu kimeshafeli mtihani wa maadili. Uliza pia kama mwanafunzi aliyeadhibiwa anaweza kusikilizwa na mtu mwingine zaidi ya yule aliyemwadhibu.

Upande wa karatasi sitachelewa. Ruhusa ya Serikali iwe ya chuo na ya fani yenyewe, maana chuo kinaweza kuwa na kibali cha teolojia huku kikiandikisha watu wa uuguzi. Omba nakala, usiridhike na fremu iliyo ukutani kwa rekta. Na kwa kuwa sasa tuko kwenye mfumo wa LMD (lisansi, masta, daktari), lisansi, yaani shahada ya kwanza, ni kredi 180, yaani 60 kwa mwaka; mwambie katibu akuonyeshe karatasi ya alama ya mwaka uliopita, uone kama kredi zimeandikwa. Mtoto akitaka kuhama, hizo ndizo atakazobeba.

Kwa fani za afya, ulizia staji, yaani mafunzo ya vitendo hospitalini. Wanafunzi wa udaktari wa UEA wana Hospitali ya Panzi, aliyoianzisha Daktari Denis Mukwege mwaka 1999. Chuo chako kidogo kina mkataba na hospitali gani? Wakikujibu kwamba kila mwanafunzi atajitafutia, ondoka.

Minervali, yaani karo, tulilipa kwa awamu, tukaanza na ya kwanza pekee. Binti yuko Bukavu, ibada anahudhuria bila kusukumwa, na baba yake bado ananiuliza kwa nini cha Goma, chenye kijitabu kile, hatukukichukua. Ukiombwa kulipa mwaka mzima kabla ya kuona ratiba ya masomo, omba ratiba kwanza.