Namba 12 sio kubwa kuliko namba 4, na yule mtoto hakuwa na nuksi

Jumamosi nilikuwa mto Ruvu, chini ya daraja kidogo, nikawakuta vijana watatu wametoka Dar na viti vyao vya kukunja, rodi mpya zinang'aa, rili za laki na kitu, halafu mwisho wa mshipi kindoana cha namba 12 kimevishwa bonge la ini kama ngumi ya mtoto. Nikawasalimia, nikauliza mnavua nini, mmoja akajibu kambale mzee, wale wakubwa wakubwa, ndo maana tumechukua namba kubwa. Nikacheka. Dakika kumi baadaye katoto kakike ka pale jirani kakaruka mshipi wao kuwahi maji, na yule yule wa namba kubwa akakafokea, "wewe ndo unatuletea nuksi hapa!" Hapo sikucheka tena, maana hayo makosa mawili mimi niliyafanya kwenye mto huo huo, na la pili linaniuma mpaka leo.

Basi wadogo zangu mnaoanza kuvua kambale, nakaa naandika mara moja, msinipigie simu usiku kuniuliza. Mafundo na rili mnajua, sitagusa huko.

1. Namba za ndoana zinaenda kinyumenyume. Namba 12 ni ndogo kuliko 8, 8 ni ndogo kuliko 4, inashuka hivyo mpaka 1, halafu ikifika hapo inageuka, 1/0, 2/0, 3/0 na kuendelea, hapo sasa namba ikikua ndoana nayo inakua. Najua inaudhi, mimi sikuitunga. Kambale wa kilo moja mbili mpe namba 2 mpaka 1/0, mkienda kutafuta mababu zake panda 3/0 au zaidi. Hizo 8 mpaka 12 ni za perege na ngogo, tena kwa minyoo. Kambale ana domo pana kama pochi ya mama mchuuzi, ukimpa kindoana anakimeza mpaka tumboni au anakinyoosha kinabaki kama sindano, na wewe unabaki unasema samaki alikuwa mkubwa mno. Hakuwa mkubwa, ndoana ndo ilikuwa ndogo.

Nina binamu yangu yuko Nottingham kule Uingereza, anavua mto Trent, kuna samaki wao wanamwita barbel, ana sharubu nne tu, huyu wetu anazo nane, lakini naye anakula chini chini kwenye mkondo. Binamu akaniambia anatumia namba 8 na kipande cha nyama ya kopo, nikadhani wenzetu wana namba zao, kumbe ni zile zile, ila samaki wao ana kimdomo kidogo kinachotazama chini, kwa hiyo 8 au 10 inamtosha. Kingine alichoniambia nikashindwa kulala: akimpata anampiga picha, anamshika ndani ya maji kichwa kikitazama mkondo unakotoka mpaka apate pumzi, halafu anamwachia aende. Kilo nne hizo! Mama yake mdogo kusikia akauliza kama mtoto anaumwa. Tena kuanzia 15 Machi mpaka 15 Juni hawaruhusiwi kabisa kumvua mtoni, samaki wanazaa. Na mayai ya barbel hayaliwi, yanakuharibu tumbo vibaya sana. Haya, turudi Ruvu.

2. Chambo. Utumbo wa kuku ndo mfalme, unapatikana bure kwa wachinja kuku pale Mlandizi, unanuka, haukatiki hovyo. Ini ni zuri ila laini, liache juani kidogo likakamae au lifunge na uzi, la sivyo unarusha ini linaenda huku ndoana inaenda kule. Minyoo inaliwa na kila mwenye mdomo, utatoa ngogo mpaka uchoke, na ule mwiba wa ngogo ukishakuchoma ndo utajua hujui. Sabuni ya kipande inafanya kazi, msibishe, ila isiwe ya marashi. Siku kumbikumbi wanaporuka baada ya mvua weka utumbo pembeni, vishe kumbikumbi, kambale anakuwa juu juu anaokota kama kuku.

Halafu acheni ncha ya ndoana ionekane jamani. Mnaifukia ndani ya nyama kama mnaficha hela.

3. Mikono. Hapa ntakaa kidogo.

Kambale haoni vizuri na wala hana shida ya kuona, anatembea usiku kwenye maji ya udongo, kazi yote inafanywa na sharubu na ngozi, mwili mzima wa yule samaki unaonja kama ulimi. Haya mimi nayajua leo. Mwaka 2008 nilikuwa najua rodi ni ya bei gani basi.

Ilikuwa vuli, Novemba, mvua za kwanza zimeshuka, mto umeanza kuwa mwekundu na maji yameingia kwenye majani pembeni. Kuna mzee wa pale, mvuvi tangu ujana wake, alishaniambia maji yakiingia kwenye majani uje ulale huku, kambale wanapanda kwenda kutaga. Nikaja na pikipiki yangu kuukuu, njiani mpira wa mafuta ukaanza kuvuja, nikaukaza kwa mikono, petroli ikanilowanisha mpaka kwenye viwiko, nikafuta kwenye suruali nikaendelea. Nafika mtoni mbu kama mvua, nikajipaka dawa ya mbu mikono yote. Ndo nikakaa nikaanza kukata ini.

Sasa kabla sijafika mtoni, pale njia panda, mtoto wa kiume wa miaka kumi hivi amebeba dumu akaniamkia vizuri tu, shikamoo, unaenda wapi? Mnajua mvuvi haulizwi anaenda wapi. Nikanuna kimoyomoyo nikapita. Mtoto huyu ndo alikuwa anachimbia watu minyoo, kopo shilingi mia, usiku akaja kukaa na sisi kama kawaida yake, na katika kupita pita akaruka mshipi wangu. Mara ya pili hiyo. Nikaanza kuhesabu.

Usiku ule mzee alikuwa hatua thelathini kutoka kwangu, anatoa kambale mmoja baada ya mwingine, nasikia tu kishindo cha mkia kwenye majani, pwa, pwa, na mimi sijaguswa hata kudonolewa. Ini nalivuta linarudi zima kama nilivyolituma. Saa sita, saa nane, saa tisa. Saa tisa na kitu nikasimama mbele ya watu wote, nikasema huyu mtoto ana nuksi. Ameniuliza safari, ameruka mshipi, nyie mnamkalisha hapa wa nini? Na watu walivyo, wakati samaki hamna kila mtu anatafuta pa kuegemeza, mmoja akadakia kweli bana hata wiki ile alipita kwangu nikaambulia ngogo watupu. Mwingine naye akakumbuka lake. Nikaokota bonge la udongo nikamtupia, halikumpata, lakini aliondoka bila dumu lake.

Msimu mzima ule hakuna aliyenunua minyoo kwake. Msimu mzima. Hela ile alikuwa ananunulia madaftari, hilo nililijua baadaye, na ningelijua siku ile sina uhakika kama ningenyamaza, ndo ukweli wenyewe huo.

Januari nikarudi, ule mpira ukavuja tena, nikaukaza tena kwa mikono. Nafika, mzee ameishiwa chambo, nikachukua ini langu nimkatie kipande, akarudi nyuma kama amemwona nyoka. "Usinishikie chambo na mikono hiyo, inanuka petroli." Nikamwambia mzee si harufu kidogo tu. Akaniangalia. Akasema, "Wewe unaisikia kidogo, na una pua mbili. Yeye anasikia kwa mwili mzima." Akainama akachota matope ya ukingoni, akasugua mikono yake kunionyesha, akaendelea na kazi. Nilikaa pale na mikono yangu mapajani, yaani nilihisi damu inapanda masikioni, maana ule usiku wa Novemba wote ulinirudia, mpira wa mafuta, dawa ya mbu, ini lililorudi zima, na yule mtoto anakimbia gizani.

Nikatafuta kwao. Nikapeleka kilo mbili za sukari na madaftari, mama yake akapokea, akasema asante, mtoto yupo ndani lakini hakutoka. Nilikaa mpaka chai ikaisha. Hakutoka.

Kwa hiyo: nawa mikono na matope au majivu kabla ya kushika chambo, na dawa ya mbu paka kwa mgongo wa kiganja au mwambie mwenzio akupake shingoni.

4. Miiko. Msidhani nimeacha, mimi bado natemea chambo mate, nilianza kwa babu yangu na sina mpango wa kuacha, na mate hayajawahi kumkosesha mtu hela ya madaftari. Kupiga mluzi usiku sipigi. Nyoka usiku namwita kamba kama watu wote. Mamba pale ukingoni hatumtaji, tunasema mwenyewe, na huo mwiko naupenda kwa sababu unafanya watu wakumbuke yupo, mnavyochuchumaa kuosha samaki sehemu ile ile kila siku, mnadhani hawasomi ratiba? Mamba anasoma ratiba. Na ndoana haiombwi giza likishaingia, kama sindano tu, ukimwomba mzee wa pale saa mbili usiku atakwambia hana na sanduku lake limejaa. Faida yake mtakuja mmejiandaa.

Ila ule wa kusema fulani ana nuksi, mwanamke kapita, mtoto karuka, jirani kauliza, huo mimi nimeutoa kwenye begi langu. Kabla hujamtazama mtu, nusa mikono, tazama ncha ya ndoana kama haijafa (ipitishe kwenye ukucha, ikiteleza inole), tazama namba, halafu vuta chambo uone kama bado kipo. Nimemaliza miaka mingi tu nikifanya hivyo na sijawahi kufika kwa mtu.

Binamu wa Nottingham ananiambia na kule wapo, wavu wa kutolea samaki haulowanishwi kabla hujapata wa kwanza, na kuna ndege mmoja wa jamii ya kunguru, mweusi na mweupe, ukimwona yuko peke yake ni mkosi, lazima umsalimie. Watu wazima na makoti yao wanamwamkia kunguru. Nikasema afadhali sisi.

5. Akidonoa usikurupuke. Kambale anaonja kwanza, rodi inatikisika ti ti ti, mwache, akishaondoka nayo moja kwa moja ndo unanyanyua. Na usiegeshe rodi rili ikiwa imefungwa ukaenda kununua muhogo, utaiona rodi yako inaogelea kuelekea Bagamoyo.

6. Chubwi, ule uzito wa kuzamisha mshipi, sio lazima ununue, nati kubwa au plagi ya pikipiki iliyokufa inatosha, ukikwama kwenye mizizi hujalia. Leseni muwe nayo, Sheria ya Uvuvi ni ya tangu 2003 na bado mnashangaa mkiulizwa.

7. Kumshika: nyuma ya ile miiba miwili ya mapezi ya pembeni, kidole huku na kidole huku, sio mkiani, mkiani atakuachia ute tu.

8. Kambale ukimtoa majini hajafa. Ana kiungo cha kuvutia hewa juu ya matamvua, anakaa nje masaa, na kukiwa na umande anatambaa. Mwaka fulani niliweka wanne kwenye ndoo nikalala, asubuhi nikakuta mmoja, nikamtazama jirani yangu kwa jicho baya mpaka saa tatu, tulipomkuta wa pili yuko kwenye majani ya mita kama kumi anaelekea mtoni taratibu kabisa kama anarudi kazini. Wawili walishafika. Jirani hajanisamehe vizuri.

Yule mtoto wa dumu sasa ni baba wa watoto wawili, ana bodaboda pale Mlandizi, na mimi nikishuka kwenye basi sipandi nyingine. Kila safari anawasha, ananigeukia, "Mzee shikamoo, unaenda wapi?" na anacheka mwenyewe. Anajua ninakoenda. Namlipa zaidi ya nauli, hatujawahi kuliongelea.

Wale vijana watatu niliwapa ndoana za 2/0 nne, saa kumi na moja jioni, jua bado lipo, na nikamwambia yule mfokaji akakanunulie kale katoto kakike soda. Akaenda, sio kwa furaha. Jumapili alfajiri akanitumia picha, kambale wa kilo tatu hivi kwenye ndoo, na yeye mwenyewe meno yote nje. Nikamjibu hongera, ndoo umeifunika? Mpaka sasa hajajibu.