Kabla Hujamwambia Bosi Anunue Mfumo

Wewe uliyeajiriwa kiwandani mwaka huu mgumu, usianze na orodha ya programu. Mimi nilianza hivyo. Mwishoni mwa 2022, katika kiwanda cha plastiki Nairobi, nilimshawishi mkurugenzi tuchukue mfumo wa kusimamia uzalishaji, leseni dola 10,000 kwa mwaka. Dola ilikuwa kama shilingi 123. Tulipotakiwa kulipia tena Januari 2024, ilikuwa imefika 160. Deni la milioni 1.2 likawa milioni 1.6, na oda zimepungua. Mfumo ukazimwa, nikabaki nikijieleza. Kwa hiyo uliza mapema: hii inalipwa kwa fedha gani, na tukiacha kulipa takwimu zetu zinabaki kwa nani?

Kilichookoa jina langu ni mita ndogo ya umeme tuliyoifunga kwenye kompresa ya hewa. Jumapili kiwanda kimefungwa, lakini matumizi hayakushuka. Kompresa ilikesha ikijaza hewa iliyokuwa ikivuja kwenye mabomba. Fundi wa zamu ya usiku alicheka nilipomwambia. Mvumo wa hewa ile alikuwa akiusikia kila mashine zikinyamaza, ila hakuna aliyewahi kumuuliza.

Tukahamishia mita kwenye laini kuu. Hapo ndipo nilipoielewa bili: kiwanda hakilipii uniti peke yake, kinalipia pia kilele cha kVA cha mwezi, yaani kiwango cha juu kabisa cha umeme kilichovuta kwa wakati mmoja. Sisi kila Jumatatu asubuhi tuliwasha hita za mashine zote kwa mpigo, na kilele cha asubuhi moja kikatozwa kwa mwezi mzima. Dawa yake ilikuwa ratiba ya kuwasha kwa zamu, imebandikwa ukutani. Karatasi tu.

(eTIMS, mfumo wa ankara za kodi wa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, usiiweke kwenye foleni ya programu za kusubiri. Hiyo ni sheria, haingoji shilingi itulie.)

Jambo moja nililichukulia kwa wepesi. Watu wakipunguzwa kazi, kila kifaa kipya kinaonekana kimeletwa kutafuta wa kufukuzwa. Kihisi chetu, kifaa cha kuhesabu mitungi inayotoka kwenye mashine, kilizibwa kwa selotepu wiki ya kwanza tu. Nilitaka kulalamika kwa meneja. Fomeni akanishika mkono, akasema geuza kwanza ile skrini inayoonyesha hesabu ya kihisi iwaangalie wanaoendesha mashine, si ofisi. Tukaigeuza Alhamisi. Ijumaa asubuhi selotepu haikuwepo, na sikujua nani ameibandua.