Wasomaji wanauliza: Jivu la Olduvai lilitoka mlima gani?

SWALI: Za kazi mhariri. Tulipeleka wanafunzi Olduvai, mtembeza wageni akatuonyesha mstari wa jivu kwenye ukuta wa korongo akasema limetoka Olmoti. Watoto wakauliza amejuaje, maana pale kuna Ngorongoro, Lemagrut, Lengai, milima kibao, na jivu ni jivu tu. Mi nikaishia kusema wanasayansi wamepima. Nisaidie. – Mwalimu, Karatu

JIBU: Mwalimu, hao watoto wanunulie soda, wameuliza swali lenyewe kabisa.

Kazi inaanza na miguu. Richard Hay, mjiolojia wa Kimarekani, alianza kulichora lile korongo mwaka 1962 na kitabu chake kikatoka 1976, muda wote huo anafuata tabaka moja moja ukutani, anapima unene, anaangalia ukubwa wa punje, anaandika kwenye ramani, anasogea. Ni kama kupepeta mahindi, kizito kinadondoka karibu na makapi yanaenda na upepo, kwa hiyo ukiona tabaka linanenepa na punje zinakuwa kubwa kadiri unavyoenda mashariki basi mlima uko huko. Halafu kuna mchanga uliobebwa na maji, ambao nao unasema ulikotoka: wa upande wa milima umejaa vipande vya lava, ila wa magharibi una kwatzi na mawe ya kale ambayo hayana uhusiano wowote na volkano zile. Ukichanganya jivu lililodondoka kutoka angani na lililosombwa na mto umeshapotea, na hapa ndo wengi wanapotea.

Ila miguu inakupa upande tu, jina la mlima haikupi. Kawaida wangepima kioo cha volkano, vile vipande vidogo vinavyoganda ghafla mlipuko ukitokea, maana kemia yake inatofautiana mlima na mlima. Sasa shida ya Olduvai ni kwamba palikuwa na ziwa la magadi, na maji ya magadi yalikigeuza hicho kioo kikawa udongo na madini mengine, yani ushahidi umeliwa. Ndo maana mjiolojia Lindsay McHenry akahamia kwenye fuwele za madini zilizosalimika, feldspa, ogaiti na magnetaiti yenye titani, unachambua punje moja moja unazipima kwa mashine ya miale ya elektroni. Na huwezi kulinganisha kama hujapanda milima yenyewe, hapo ndo kuna kazi ya mjiolojia Mtanzania Godwin Mollel ambaye alichukua mawe Olmoti na Ngorongoro akayapima umri na kemia (huyu kwa maoni yangu anatajwa kidogo mno mashuleni kwetu). Lile jivu la juu kabisa katika Tabaka la Kwanza (fungu la chini kabisa la korongo), la miaka kama milioni 1.8, kemia na umri vyote vinaelekea Olmoti. Matabaka machanga ya juu, Ndutu na Naisiusiu, hayo ndo ya Lengai.

SWALI: Na zile nyayo za watu wa kale za Laetoli? Tulifundishwa jivu lake ni la Sadiman. – Msomaji, Mto wa Mbu

JIBU: Ulifundishwa kilichokuwa kinajulikana. Sadiman iko kama kilomita 20 tu mashariki kwa hiyo kila mtu aliinyooshea kidole, lakini mwaka 2011 mjiolojia Anatoly Zaitsev na wenzake walichapisha kwamba mawe ya Sadiman hayafanani na lile jivu, madini ya melilaiti ambayo jivu lilikuwa nayo hawakuyakuta kwenye mlima. Umri wa nyayo, miaka milioni 3.66, hauguswi na ubishi huu, huo unapimwa kwenye jivu lenyewe liwe limetoka popote.

SWALI: Kaka, nasoma jiolojia, naenda fildi mara ya kwanza. Simu yenye GPS si inatosha? – Mwanafunzi, Dodoma

JIBU: Mdogo wangu, GPS inakwambia umesimama wapi, haikwambii umesimama juu ya nini. Beba nyundo, dira ya kupimia mlalo wa tabaka, lenzi ya mkononi, na daftari la kuchora ukuta mzima kabla hujagonga jiwe hata moja. Sampuli andika namba na upande wa juu palepale, usiseme utakumbuka ukifika kambini. Na kama ni ndani ya hifadhi ya Ngorongoro hakikisha kibali kimetoka kabla hujabeba hata kokoto.