Maswali ya Wasomaji: Draiva imefufuka, mbona seva yangu haiioni?

*Habari za kazi, dada. Naandika seva ndogo (programu inayohudumia nyingine) ndani ya mfumo endeshi wa MINIX 3.3.0, inayozungumza na draiva ya printa (programu inayoiendesha printa) niliyoitengeneza mwenyewe. Nikiiua draiva kwa makusudi, mfumo unaiamsha upya mara moja. Lakini kila nikituma ujumbe napata kosa la EDEADSRCDST, yaani mtumaji au mpokeaji amekufa. Draiva i hai, naiona kwenye orodha ya michakato. Kosa liko wapi? — P.O., Gulu*

Nzuri sana, mdogo wangu. Kosa liko kwenye anwani uliyoihifadhi. Bila shaka seva yako ilipoanza iliuliza mara moja endipointi ya draiva, yaani anwani ya kuitumia ujumbe, ukaiweka kwenye kigeu, na mpaka leo unatumia ileile.

Endipointi ya MINIX 3 imebeba vitu viwili: nafasi ya mchakato kwenye jedwali la kerneli (kiini cha mfumo), na namba ya kizazi. Mchakato ukifa, mwingine ukapewa nafasi hiyo, kizazi kinapanda. Hapa Jinja, steji ya karibu na karakana yangu, kila dereva wa boda ana jaketi lenye namba. Mwenye 14 akiacha kazi, jaketi linavaliwa na mwingine. Ukimkabidhi huyo mgeni kifurushi kwa kuwa umeona 14 mgongoni, hajui kinaenda kwa nani wala mlikubaliana nini. Kerneli inakuzuia usifanye hivyo: inakuambia uliyemzoea amekufa.

Kwa hiyo ukipata EDEADSRCDST usirudie kutuma kwa anwani hiyo. Iulize DS, seva inayotunza majina, kwa wito wa ds_retrieve_label_endpt, ukitaja jina la draiva. Afadhali zaidi ujiandikishe kwa ds_subscribe. RS, yaani seva inayolea draiva, ikishaiamsha inaandika endipointi mpya kwa DS, na DS inakuarifu.

Hilo ni jepesi. Gumu ni ambalo hukuniuliza: ile kazi iliyokuwa mikononi mwa draiva ilipokufa, unaifanyaje? Ingekuwa draiva ya diski, usingekuwa na wasiwasi. Seva ya mafaili inarudia ombi, na kuandika data ileile kwenye sehemu ileile mara mbili hakudhuru. Draiva ya mtandao nayo ina bahati, kwa sababu pakiti ikipotea TCP, itifaki ya mtandao, inaituma tena. Lakini wewe una printa, na karatasi iliyokwisha kutoka hairudi ndani.

Mimi jambo hili lilinifika. Niliweka mashine kwenye kituo kimoja cha kukusanya maziwa, ikisoma mizani na kutoa risiti kwenye printa ndogo ya kebo ya siriali. Asubuhi moja mama mmoja akaleta lita 38. Draiva ikaanguka risiti ikiwa imekwisha kutoka, ila kabla haijarudisha jibu. RS ikaiamsha, seva yangu ikapata endipointi mpya, ikatuma tena ombi ambalo halikujibiwa. Ikatoka risiti ya pili: lita 38, saa ileile, jina lilelile. Yule mama akazishika zote mbili, akamrudishia karani moja, akasema, "Mwanangu, mimi nimeleta debe zangu mara moja tu." Nilisimama pale nikawaza ni wangapi waliopita kabla yake, na hesabu ya mwisho wa mwezi ingekuwaje. Usiku huo sikulala. Nilipitia kodi ya programu mstari kwa mstari, na kila sehemu ilifanya nilichoiambia.

Tangu siku ile kila risiti yangu ina namba. Kabla ya kutuma, seva inaandika kwenye diski: namba fulani, imetumwa. Jibu likija inaandika: imethibitishwa. Draiva ikifa katikati, seva hairudii yenyewe. Inamwuliza karani kama karatasi imetoka. Karani ana macho, kerneli haina. Kama draiva yako ina hali ndogo inayohitaji kuikumbuka ikiamka, kwa mfano kasi ya kebo, iweke kwa DS, ambayo haifi pamoja nayo. Lakini uamuzi wa kurudia kazi uachie anayeijua kazi yenyewe.

*Seva zangu mbili zinatumiana ujumbe kwa sendrec. Mara kwa mara mojawapo inapata kosa la ELOCKED. Je, ni hitilafu ya kerneli? — N., Mbale*

Hapana, ndugu yangu, kerneli imekuokoa. Sendrec inatuma na kungoja jibu. Ya kwanza ikiingoja ya pili, na ya pili ikiingoja ya kwanza, zitangojana mpaka kiama. Kerneli inaona mduara huo na kukataa ujumbe unaoufunga. Chagua nani yuko juu na nani yuko chini. Wa juu anaruhusiwa kungoja wa chini. Wa chini akiwa na habari, apige notify, yaani arifa fupi, kwa kuwa notify haingoji.

Ila tahadhari: notify haipangwi foleni. Kama mpokeaji ana shughuli, kerneli inawasha biti moja tu ya aliyemwita, na ukipiga mara tano atasikia mara moja. Basi akiamka asishughulikie jambo moja na kurudi kulala. Akague kazi zote zinazosubiri.

*Kwa nini nihangaike na mikrokerneli, yaani kerneli ndogo kama ya MINIX, wakati wote wanasema ni nzito? — K., Malaba*

Sifa hiyo ilitokana na Mach, mikrokerneli ya zamani. Mwaka 1993 mtafiti Jochen Liedtke alipima ujumbe mfupi kwenye prosesa ya 486 ya megahezi 50: Mach ilichukua mikrosekunde 115 hivi, kerneli yake ya L3 ikachukua 5. Mashine ni ileile. Tofauti ilikuwa mkono wa fundi. Na udogo una faida yake: seL4, mikrokerneli nyingine, yenye mistari kama 8,700 ya lugha ya C, ilithibitishwa kihisabati mwaka 2009 kwamba kodi yake ya programu inafuata maelezo yake. Jaribu kufanya hivyo kwa kerneli ya mamilioni ya mistari. Kabla hujaamua, pima kazi yako mwenyewe: hesabu ujumbe unapita mara ngapi kwa ombi moja. Mimi kwa kila risiti nilikuta muda karibu wote unaliwa na kebo ya siriali.