Tarantula wako hali chakula? Tizama tumbo kwanza, wachana na kalenda

Meseji naopata sana kwa WhatsApp kutoka kwa watu wanaofuga tarantula, wale buibui wakubwa wenye manyoya, hapa Mombasa ni hii moja tu, kaka buibui wangu wiki ya tatu hii hagusi chakula, nimemtilia mende hamtaki nimemtilia nyenje hamtaki, atakufa? Na mie huwa simjibu mtu mpaka aniambie kwanza tumbo lake likoje. Mtu anahesabu siku, anakuhesabia na tarehe kabisa, lakini ukimuuliza tumbo limejaa ama limenywea hajui, hajatizama. Na jibu lote liko hapo.

Elewa kwanza unafuga mnyama gani. Tarantula si paka wa kukulilia jikoni kila asubuhi. Mwili wake hautengenezi joto lake wenyewe, mchana kutwa ametulia shimoni mwake, nguvu anayotumia ni ndogo mno. Mkubwa akila mara moja kwa wiki ama kwa wiki mbili amekula vizuri sana, wadogo wanaokua ndio wanataka chakula karibu mara mbili kwa wiki. Yule wa Chile, Grammostola rosea, anajulikana dunia nzima kwa kugoma kula miezi na miezi, wengine wamepita mwaka na wako wazima. Wa kwetu huyu wa Afrika Mashariki, Pterinochilus murinus, ambaye wale wa rangi ya machungwa wamepewa jina la milima ya Usambara, yeye ni mlaji mzuri lakini pia naye ana misimu yake, huko porini ukame ukiingia anajifungia shimoni na kusubiri. Kwa hivo kukaa bila kula peke yake sio ugonjwa.

Sasa tumbo. Ile sehemu ya nyuma iliyo kama yai ndio ghala lake. Ilinganishe na sehemu ya mbele ile ngumu ambayo miguu imetokea. Kama tumbo liko sawa nayo ama limeizidi, buibui wako ana akiba, mwache. Likiwa dogo kuliko sehemu ya mbele na limeanza kujikunja makunyanzi, hapo ndio pa kushtuka, na hata hapo kitu cha kwanza ni maji kabla ya chakula. Miguu ya buibui inanyooka kwa presha ya maji ya mwilini, haina misuli ya kuinyoosha kwenye viungo vikubwa, ndio maana akikaukiwa miguu inaanza kukunjika kuelekea chini ya tumbo. Ukimuona hivo, mletee kisahani cha maji mpaka mdomoni taratibu, mdomo wake uko chini kwa mbele karibu na meno, umsogeze ayakaribie maji aanze kunywa mwenyewe. Sponji ndani ya maji sitaki kuisikia, inaoza tu na kuleta uchafu. Kisahani kifupi na maji safi kila wakati, mdogo kabisa kifuniko cha soda kinamtosha.

Sababu kubwa ya kugoma, kubwa kuliko zote, ni kujivua gamba. Hapa nataka usome polepole kwa sababu hapa ndipo watu wanapoua wanyama wao huku nia yao ni njema. Buibui akikaribia kujivua anaacha kula wiki kadhaa kabla, mkubwa anaweza kuacha hata miezi. Tumbo linajaa, linakuwa gumu na lenye kung'aa, rangi ya mwili inafifia, anakuwa mzito wa kutembea, na mara nyingi anaziba mlango wa shimo kwa utando na udongo. Ameshakwambia kila kitu hapo, funga duka nenda zako. Usimfungulie mlango kuchungulia, usimtilie mende akutane naye humo ndani. Siku yenyewe atalala chali, miguu juu, na atakaa hivo masaa, na ukiwa hujawahi kuona utaapa amekufa. Hajakufa! Buibui anayekufa kwa kawaida anakunja miguu chini ya mwili, hajilazi chali namna ile. Usimguse, usimgeuze, usimpulizie maji. Na kama kuna nyenje ama mende hai ndani ya boksi mtoe kabla mambo hayajaanza, kwa sababu wakati ule ngozi mpya ni laini kama ya utosi wa mtoto mchanga na mdudu mwenye njaa anaweza kumla buibui akiwa hawezi hata kujitetea.

Akimaliza usikimbilie kumpa chakula. Meno yake yanatoka meupe, halafu yanageuka mekundu, mwisho yanakuwa meusi. Mpaka yawe meusi hawezi kutoboa kitu, na akijaribu anaweza kuyaharibu. Wadogo mpe siku kadhaa, mkubwa wiki moja mpaka mbili, lakini maji yawepo muda wote.

Haya, tukija kwa mambo ya hapa kwetu pwani. Ushauri mwingi ulioko mtandaoni umeandikwa na watu wa Uingereza na Marekani wanaopambana na baridi, utawasikia taa ya joto, mkeka wa joto, sijui kipimo gani. Mombasa haina haja na hivyo vitu kabisa. Sisi tatizo letu ni upande wa pili, miezi ya kaskazi hasa Februari na Machi nyumba ya mabati ikipigwa na jua la saa nane chumba kinakuwa tanuri na boksi la plastiki ndani yake ndio usiseme, na buibui aliyezidiwa na joto hali chakula, anatafuta tu pa kujificha. Mweke chini sio juu ya kabati, mbali na dirisha lenye jua, udongo uwe wa kina kirefu aweze kuchimba ajipoze. Mie natumia unga wa makumbi ya nazi, hapa ni rahisi kupata na unashika unyevu vizuri, lakini usiuloweshe wote, mwaga maji kona moja tu chini abaki na upande mkavu wa kuchagua. Masika ikifika mambo yanageuka, kila kitu kinaota ukungu, mabaki ya mende yakilala humo siku mbili utaona utitiri, kwa hivo toa mabaki asubuhi yake. Yale mabaki ni kile kitonge kidogo kikavu, kwa sababu buibui hatafuni akameza, anatema maji ya kuyeyusha chakula halafu anafyonza.

Dawa za wadudu nazo, hii nasema kwa uchungu. Nyumba zetu jioni ni dawa ya mbu ya kuchoma, dawa ya kupuliza, na jirani naye anapuliza zake. Dawa nyingi za hizo zimetengenezwa kushambulia neva za wadudu na buibui hana kinga nazo. Mnyama akianza kutetemeka, miguu haielewani, anaruka ruka bila mpango, na chakula hataki, fikiria dawa kabla ya kitu kingine chochote, mtoe chumba hicho muweke penye hewa safi. Kwa sababu hiyo hiyo usimlishe mende uliyemshika jikoni! Hujui amepita kwenye sumu ya nani. Fuga wako mwenyewe, ndoo, trei za mayai, karoti na vipande vya ndizi, hawakusumbui na unajua wamekula nini.

Na sisimizi. Wakipata harufu ya mabaki wanaingia kwenye kitundu cha hewa kwa mamia, na buibui aliyejivua karibuni hana la kuwafanya. Weka miguu ya meza ndani ya makopo ya maji, inafanya kazi.

Kama tumbo liko sawa, hajivui, joto liko sawa na bado hataki, angalia unamlisha vipi. Mdudu mkubwa kupita tumbo lake anamtisha, wengi wanakimbia chakula chao wenyewe, punguza saizi. Mlishe usiku taa zimezimwa, hawa ni wanyama wa giza. Angalia pia boksi limekaa wapi, kwa sababu anausikia ulimwengu kwa mtikisiko kupitia vinyweleo vya miguu, na kumweka juu ya friji ama kando ya spika ni kumtesa tu. Akihamishwa boksi jipya mpe wiki kadhaa atande utando wake kwanza. Na kwa buibui waoga kuna hii, ponda kichwa cha mende, muache karibu na mlango wa shimo usiku, asubuhi kama hajaguswa mtoe. Usimsukumie mdomoni. Na tumia kibano kirefu, huyu wa kwetu ana mbio na ana hasira na akikuuma maumivu na misuli kukaza si mambo ya kujaribu.

Dume aliyekomaa ni habari nyingine. Akishajivua mara ya mwisho vijimkono vyake vya mbele vinavimba nchani mithili ya glavu za bondia, shimo anaacha, usiku kucha anazunguka boksi, na chakula anaonja ama haonji. Anatafuta jike. Jike anaweza kuishi zaidi ya miaka 10, yeye baada ya hapo maisha yake ni mafupi, na kukonda kwake si kosa lako, mpe maji na umlishe kidogo akitaka.

Halafu kwa wale wanaoniuliza wakachimbe wapi wapate wao, jamani, wanyama wetu wa porini wako chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013, pita ofisi za KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, uulize kuhusu kibali kabla hujabeba jembe.

Kilichobaki ni ugonjwa wenyewe, ambao ni nadra lakini upo. Buibui hali, anasimama ametulia mahali pa wazi, na mdomoni kati ya meno pana kitu cheupe chenye unyevu na kinanuka vibaya. Hao ni minyoo wadogo sana, na sijaona dawa ya kutegemea. Mtenge na wenzake siku hiyo hiyo, muweke juu ya tishu nyevu badala ya udongo na ubadilishe kila siku, maji yake peke yake, kibano chake peke yake, mikono uoshe kabla hujagusa boksi lingine. Udongo wa boksi lake usimwage bustanini wala usiutumie tena, funga kwa mfuko utupe, na mende wa ndoo ulokuwa unamlisha nao usiwape wengine mpaka ujue ametokea wapi huyo mnyoo.