Mchambuzi akitaja ukurasa, ufungueni

Tangu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ipitishwe mwaka 2023, kila kijiwe cha Mtwara kina mchambuzi wake. Anayepinga na anayeunga mkono wote huja na namba za vifungu, na wasikilizaji wengi hunyamaza hapo hapo. Msinyamaze.

Tazameni yaliyotokea Marekani. Julai 2009 Betsy McCaughey, aliyepata jina mwaka 1994 kwa makala ya kuupinga mpango wa afya wa Rais Clinton, alisema redioni kwamba muswada mpya wa afya ungewalazimisha wazee kupewa ushauri, kila miaka 5, wa namna ya kufupisha maisha yao. Akataja ukurasa: 425. Ukurasa ulikuwepo kweli, na kifungu cha 1233 kilikuwemo. Ila kilihusu kumlipa daktari pale mzee mwenye Medicare, bima ya serikali ya wazee, anapotaka mwenyewe kuzungumzia matibabu atakayopenda apewe akizidiwa. Hapakuwa na kulazimishwa. Agosti mwanasiasa Sarah Palin akaja na "baraza la kifo", yaani maofisa wa kuamua nani atibiwe, hofu ikatanda, na kifungu hakikuingia katika sheria iliyosainiwa Machi 2010. Medicare ilianza kulipia mazungumzo hayo Januari 2016. Malipo hayo yalichelewa miaka yote hiyo, na hilo linauma.

Kwa hiyo ombeni nakala. Ya kwenye simu inatosha. Anzeni na kifungu cha tafsiri, mjue sheria inamhesabu nani kuwa mtegemezi. Kisha shikeni kitenzi: "atalipa" ni wajibu, "anaweza" ni hiari. Someni mpaka kifungu kidogo cha mwisho, kwa kuwa "isipokuwa" hukaa huko na anayepotosha hukatia kabla ya kufika. Ulizeni pia kama ananukuu muswada, sheria au kanuni za waziri. Viwango mara nyingi huwekwa kwenye kanuni.

Kwenye fedha ndiko kwenye utelezi zaidi. CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, mikoani ilitoza shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi 6. Mchambuzi anagawanya, anapata 5,000 kwa kichwa, anasema nafuu. Hesabu ni sahihi, lakini mkulima wa Tandahimba hana 30,000 ya mkupuo mwezi Machi. Pesa ya korosho huanza kuonekana Oktoba, minada ikifunguliwa. Na kaya ya watu 8 je? Mbaneni: michango inalipwa lini, kadi inaanza kutumika baada ya siku ngapi, nani anatoa rufaa ya kutoka zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula, na dawa ikikosekana dirishani nani analipa duka la nje.

Mwulizeni pia anafanya kazi na nani. McCaughey alikuwa kwenye bodi ya kampuni ya vifaa tiba. Alijiuzulu Agosti hiyo hiyo ya 2009. Maslahi hayafanyi hoja kuwa uongo, ila yanaonyesha ukurasa wa kuanza kuukagua.

Kifungu kikibaki na utata, mwandikieni mganga mkuu wa wilaya na kukinukuu chote, neno kwa neno, pamoja na "isipokuwa" zake.